Burulcha na Wimbo Uliokatika

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, wilayani walituletea swali lile lile la insha: onyesha jinsi wahusika wa riwaya ya Taa ya Bondeni wanavyobeba ustaarabu na ushenzi. Nami kila mwaka nilisimama mbele ya darasa la nane nikapiga mstari katikati ya ubao. Kushoto nilimwandika Temir, mwalimu kijana anayekuja bondeni na taa, sabuni na miwani. Kulia nilimwandika Karakempir, ajuza mwenye kitambaa cheusi kichwani, ambaye husimama chini ya dirisha la mtu mzima wa afya, akamwombolezea kwa jina lake, na kabla hakujapambazuka mtu huyo huwa maiti. Upande wa ushenzi watoto waliujaza haraka haraka. Upande wa ustaarabu ulisuasua. Siku moja msichana aitwaye Nurjamal aliuliza mbona Temir kitabu kizima hamwamkii mtu, darasa likaangua kicheko, na mimi nikagonga meza.

Huyo Karakempir wa kitabuni alikuwa na nyumba. Ilipakana na shule yetu ya Tuura-Bulak, na dirisha lake lilitazamana na la darasa langu. Jina lake la kweli lilikuwa Burulcha. Alifuga kuku na mbuzi, maandazi yake yalikuwa mepesi kuliko ya mtu yeyote kijijini, na ulimi wake ulikuwa mwepesi vilevile. Akiniona natoka shuleni aliniita kutoka kwenye ua wake, "Mwalimu, leo nimeua wangapi?" Nilicheka, lakini kile kicheko hakikuwahi kunifika moyoni, kwa sababu nilijua kwamba amekaa asubuhi nzima dirishani akiwasikiliza watoto wakimsoma.

Ujanani alikuwa mwombolezaji. Kwetu mtu akifa hema la sufu husimamishwa uani, maiti hulazwa ndani, wanawake huketi wakiupa mlango mgongo, na mmoja wao huimba. Humwimbia marehemu baba zake, kisha ujana wake, kisha farasi wake, na mwisho kabisa humuaga. Asipoagwa haendi. Burulcha alikuwa na sauti iliyowafanya wanaume walioegemea fimbo zao nje wasahau kujifanya hawalii, na alialikwa mpaka mabonde ya ng'ambo.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, kabla ya vita, kijana aliyeitwa Esenkul, mtoto wa mchunga farasi, alifukiwa na poromoko la theluji kwenye njia ya mlimani. Walichimba wakampata farasi wake tu, amekauka. Mama yake akasimamisha hema bila maiti, na Burulcha akaitwa. Aliimba baba zake, akaimba ujana wake, alikuwa kwenye farasi, bado kuaga tu, pazia la mlango likafunuliwa na Esenkul akaingia na barafu kwenye nyusi. Aliomba chai. Mama yake akaanguka na kuzirai, na Burulcha akaufumba mdomo wake kwa viganja viwili.

Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyofunzwa, na hakuna mzaliwa wa Tuura-Bulak asiyelijua jambo hili. Ukikosea ukamwanzia aliye hai, nyamaza hapo hapo, usimalizie. Neno la kuaga haliimbwi bure. Likishatamkwa lazima mtu aondoke, na wa karibu zaidi ni yule anayeliimba; yeye huenda badala ya aliye hai.

Walichinja kondoo, wakafurahi. Jioni, chai ilipowatulia tumboni, ndipo mtu mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wamekiona. Mbwa hawakubweka. Mbwa wetu wa kondoo hubwekea hata upepo, hubwekea nguo iliyoanikwa, na Esenkul alikuwa amekatiza kijiji kizima kutoka mlimani mpaka mlangoni kwa mama yake bila hata mmoja kuinua kichwa. Hawakumbwekea kesho yake wala siku nyingine yoyote. Alipita katikati yao nao waliendelea kulala. Majira ya kuchipua yalipofika akachukua kifurushi chake akaenda mjini kusoma, na watu, Mungu atusamehe, wakapumua.

Huko mjini akawa mwandishi, akaandika Taa ya Bondeni. Hadithi ya poromoko haimo. Kilichomo ni ajuza anayewaimbia walio hai wakafa, na kila mtu kwetu alijua ni nani, kwa maana alimwachia hata jino lake la fedha. Kitabu kilipoingia shuleni, hakuna aliyemkataza Burulcha jambo lolote. Waliacha tu kumwita. Watu walewale ambao aliwaombolezea wazazi wao walivuka njia walipomwona anakuja na ndoo. Umri ukaenda hivyo. Woga wake ulikuwa mmoja, naye alinieleza waziwazi siku tunachambua sufu: kwamba atakufa, hema lake litasimama, na ndani yake hakutakuwa na sauti. "Nimewaaga wote, mwanangu. Mimi nitabaki hapa hapa kwenye ua na kuku."

Mwaka huo wilaya ikaamua kuadhimisha kitabu, na mwandishi mwenyewe akaletwa kwa gari jeusi. Nilipewa kazi ya kuandaa mchezo. Nurjamal alifungwa kitambaa cheusi, akasimama chini ya dirisha la mbao tulilolichonga, akalia kama tulivyomfundisha, na wageni wakapiga makofi. Mimi nilimtazama mgeni wetu. Alikuwa mzee nadhifu, koti zuri, kofia nyeupe ya sufu, na alikuwa hapigi makofi. Aliposhuka garini nilikuwa nimesimama langoni na mbwa wa shule miguuni pangu, yule anayetaka kuwala wakaguzi kila mwaka. Mbwa yule alimtazama dereva akabweka. Akamtazama katibu wa wilaya akabweka. Mzee akapita, na mbwa akajikuna.

Baada ya maandazi na maziwa ya farasi, alinisogelea akaniomba nimpeleke jirani. Nilijua ni jirani yupi.

Burulcha hakuonyesha kushangaa. Aliweka mkate katikati, akammiminia chai yetu ya chumvi, kidogo kidogo kama inavyopaswa kwa mgeni, ili amwongeze mara nyingi.

"Umezeeka, Esenkul."

"Na wewe je, dada? Umebaki msichana?"

"Msichana wako yuko pale uani kwa mwalimu, analia chini ya mbao. Amelia vibaya. Angekuja nimfundishe."

Mzee hakucheka. Alilishika bakuli la chai bila kunywa, akaanza kueleza kwa sauti ya chini, na hakuwa akinieleza mimi. Alisema kwamba tangu siku ile chakula hakina ladha, hata chumvi. Alisema alihamia mjini kwa sababu mjini mbwa ni wachache na mtu hatambui. Kisha akamtaja mtoto wake wa kwanza. "Alikuwa anajifunza kutembea. Anapita mbele yangu sebuleni akiniita, baba, baba, anafungua milango, ananitafuta. Nami nimekaa pale pale kwenye kiti, nikimjibu."

Burulcha aliangalia chini.

"Uliishia wapi?" mzee akauliza.

"Kwenye farasi. Ilibaki kuaga."

"Basi niage, dada."

Niliingilia kati. Nilisema mgeni amechoka, gari linasubiri, mambo haya ni ya zamani na wote wawili wanajua yana hatari gani. Nilisema nikimtazama mzee machoni ili asije kudai baadaye kwamba hakukumbuka. Aliyakwepa macho yangu. Alijua. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Alijua nani ataondoka neno likitamkwa, na bado aliomba.

"Mwache, mwalimu," Burulcha akasema. "Si alishaandika kwamba nawaimbia walio hai? Leo tuufanye uongo wake uwe kweli." Kisha akamgeukia. "Ila nami nina haja yangu. Ule ukurasa uutoe. Uwasimulie watu hawa ilivyokuwa, kwa mdomo wako, ili siku yangu ikifika wasiogope kuniimbia. Sitaki kingine."

Mzee akaweka kiganja juu ya mkate. Kwetu mtu akiapa juu ya mkate hakuna anayemwomba shahidi. "Nitasema leo leo, kabla sijapanda gari," alisema. "Na ukurasa nitautoa."

Burulcha akageuka, akaupa mlango mgongo, akaanza. Hakuanza mwanzo. Alianza kwenye farasi, pale pale alipokatiza, kama mtu aliyeitwa mara moja nje akarudi kazini. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini ilikuwa ile ile. Alimvua farasi hatamu, akamwacha aende malishoni, kisha akafika kwenye kuaga, mahali ambapo nimepasikia katika mazishi mengi na sijawahi kuwa karibu hivyo. Kuku walinyamaza uani. Darasani kwangu, ng'ambo ya dirisha, watoto waliokuwa wakipanga viti walikuja dirishani. Alilitaja jina lake lote na la baba yake, akamwambia njia iko wazi, aende. Kisha akafunga mdomo kwa kawaida, kama mtu aliyemaliza kula.

Mzee Esenkul akanywa chai. Akashtuka. "Ina chumvi," alisema, na machozi yakamtoka.

Tulipofungua mlango, mbwa wa Burulcha aliruka kutoka chini ya ngazi akambwekea kwa hasira ya miaka yote ile. Akaitikia wa shule, akaitikia wa ng'ambo ya mto, kijiji kizima kikalipuka. Yule mzee alisimama katikati ya kelele, mikono ameitandaza, akicheka kama mtoto. Mkia wa koti lake ulichanwa naye akazidi kucheka. Akapanda gari. Alimpungia mkono kila mtu, mbwa wakalifukuza gari mpaka darajani, na watu waliokuwa wamekusanyika kumsikiliza wakatawanyika, kwa sababu hakusema neno.

Nilirudi kwa Burulcha nikiwa na hasira. Nilimkuta anatoa vyombo. Alitoka nje kumwaga majani ya chai, akapita karibu kabisa na mbwa wake mwenyewe, karibu kumkanyaga. Mbwa alikuwa bado amepandwa na mori, manyoya yamesimama, na hakumtazama. Burulcha alimwita. Mbwa akainua masikio akaangalia langoni, akaangalia nyumba, akawa anatafuta.

"Haya," alisema, kwa upole tu. "Kwa hiyo ndivyo inavyokuwa."

Kiangazi chote alitembea kijijini hivyo. Watu waliovuka njia kumkwepa sasa waligongana naye, wakaomba radhi kwa mshangao, kana kwamba ametokea hewani. Nilimpelekea supu, akasema ni nzuri, na nilijua haimwingii kinywani. Nilimwandikia mwandishi, kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Hakujibu. Mwanzoni mwa muhula mzigo wa vitabu uliletwa, chapa mpya ya Taa ya Bondeni, yenye jalada la bluu. Nilifungua nikiwa nimesimama. Karakempir alikuwepo, chini ya dirisha lake, na jino lake la fedha. Kilichoongezwa ni picha ya mwandishi bustanini, amenenepa, amemkumbatia mbwa.

Burulcha alikufa majani ya miti yetu ya mlimani yalipogeuka njano, mchana, akimenya viazi. Hema lilisimamishwa, kwa maana hakuna mshenzi kiasi cha kumnyima mtu hema. Wanawake tukaja, tukaketi, tukaupa mlango mgongo. Kisha kimya. Nilimwona kila mmoja akimtazama mwenzake. Waliogopa kwamba jina lile likipita kooni mwao litawadai kitu. Nje wanaume waliegemea fimbo, hakuna aliyejua afanye nini, kwani mwanamume hulia akisikia sauti ya ndani, na ya ndani haikuwepo. Aliyekuwa amelala pale katikati alikuwa ameaga watu wote wa bonde hili.

Mimi si mwombolezaji. Sauti yangu ni ya kusomea majina asubuhi. Nilijisogeza mbele nikaanza, na maneno ya mwanzo yalitoka kama imla. Niliwaimba baba zake ninaowajua. Niliuimba ujana wake, na sauti yake ilivyowaliza wanaume wa mabonde ya ng'ambo. Farasi hakuwa naye, nikamwimbia mbuzi, na Nurjamal, aliyeketi mlangoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia kweli, safari hii bila kufundishwa. Nikaimba jinsi alivyomrudisha mtu kwao kwa nafsi yake mwenyewe, na nikamtaja mtu huyo kwa jina, hema zima likanisikia. Kisha nikafika kwenye kuaga. Nililitaja jina lake lote na la baba yake, nikamwambia njia iko wazi, mama, nenda.

Mbwa wake alikuwa amelala mbele ya hema siku nzima. Aliinuka. Alibweka mara moja, akielekea langoni, ambako hakukuwa na mtu, na mkia wake ukaanza kutikisika. Kisha akabweka wa shule. Kisha yule wa nyumba ya tatu, na wa baada yake, mmoja mmoja kwa mfuatano, kuteremka njia mpaka darajani, na wa mwisho kabisa ng'ambo ya mto, mbali, kwenye njia ya mlimani.