Pembe ya Samaki wa Mzee Meno

Kuna wanaume wakistaafu hununua kiti cha kuegemea, wakakaa kibarazani kukosoa magari ya wenzao yanapopita. Mzee Meno hakuwa wa kundi hilo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa meno ya bandia, na jina la utani lilimganda kama ruba. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walitafuna kwa kazi ya mikono yake, ndiyo maana hata waliotaka kumcheka walimcheka kwa adabu, midomo wameibana. Siku alipostaafu alirudi nyumbani na zana zake kwenye mkoba, akazipanga mezani moja moja, akabaki akizitazama kama mtu aliyebakiwa na funguo za nyumba iliyobomolewa.

Makumbusho ndiyo iliyomwokoa, au tuseme ilimwokoa mke wake, maana mwanamume asiye na kazi ndani ya nyumba ni sawa na kabati lililowekwa katikati ya mlango. Makumbusho ya mji ilikuwa na stoo iliyojaa visukuku, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe na kulala ndani ya mawe mengine, na haikuwa na watu wa kutosha wa kuisafisha. Walitaka watu wenye subira na mkono usiotetemeka. Mzee Meno akaenda na mkoba wake. Binti aliyesimamia stoo ile alipoziona zile sindano, zile brashi na ile keekee ndogo ya kuchongea meno inayolia kama mbu mwenye hasira, alimkaribisha kiti kabla hajajitambulisha.

Tangu hapo chumba cha kufulia nguo kikageuka karakana. Mashine ya kufulia ilibaki palepale ilipokuwa, ila juu yake sasa ilikaa pampu ya upepo, na kwenye rafu sabuni za unga zilikaa bega kwa bega na uti wa mgongo wa kasa. Mke wake alikubali kwa sharti moja tu: vumbi la wafu lisivuke mlango. Kizingitini akatandika taulo lenye maji, na mumewe hakuruhusiwa kutoka bila kukanyaga hapo kwanza, kama ng'ombe anayepitishwa josho. Naye alikubali bila ubishi. Watu wa mtaani walisema sasa amepata wagonjwa wanaomfaa, wasiokohoa, wasiotema mate na wasiouliza kama itauma. Yeye aliendelea kuwauliza kama inauma. Mazoea yana taabu. Mtu aliyesema "fungua mdomo kidogo" miaka yote hiyo hawezi kunyamaza ghafla kwa sababu mgonjwa ni samaki.

Na samaki ndiye mwenye kisa chetu.

Alikuwa samaki bapa, urefu wake kama kiatu cha mtu mzima, amelala ubavu ndani ya jiwe la rangi ya biskuti. Mzee Meno alimfungulia polepole, punje kwa punje: kwanza mkia, halafu mbavu nyembamba kama meno ya kitana, halafu kichwa. Juu ya kichwa palikuwa na ufa katika jiwe. Asubuhi moja, gari la kumpeleka kwa binti yake aliyejifungua likiwa nje linapiga honi, aliona ule ufa umepanuka kidogo. Hakutaka kuuacha hivyo. Akadondosha gundi, akaikandamiza kwa kidole gumba, akatoka mbio, na kwenye taulo alikanyaga mguu mmoja tu.

Sasa, mafundi wa kazi hii wana mwiko wao. Gundi yoyote unayotia, unaitilia alama papo hapo, kadoa kekundu pembeni ya jiwe, kwa sababu gundi ikikauka na kuvaa vumbi hugeuka rangi ikawa ndugu wa mfupa. Mzee Meno aliujua mwiko huo kuliko njia ya kwenda chooni. Siku ile honi ndiyo iliyojua zaidi.

Kwa binti yake alikaa hadi mtoto akaanza kukaza shingo. Babu akilea mjukuu husahau hata siku ya wiki, sembuse tone la gundi. Aliporudi karakanani, akawasha taa yake ya shingo ndefu, akapuliza vumbi, akaona juu ya kichwa cha samaki kitu kimechomoza. Kilikuwa cha kahawia kama mifupa mingine, kimepinda kidogo, ncha yake kali. Akaketi. Akasimama. Akaketi tena. Kisha akaanza kukifungulia kwa sindano, akakiwekea hata kifuko cha mchanga kisitikisike, na kadiri alivyochimba pembeni ndivyo kilivyozidi kuonekana. Ilikuwa pembe. Chini yake, penye shina, lenzi ilimwonyesha mistari myembamba iliyozunguka kama maji uliyoyatupia kokoto. Hakuwahi kuona mfupa mzuri kama ule.

Kosa la pili alilifanya kinywani: alimwambia shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wake mke, alikuwa kinyozi, na kumwambia kinyozi siri ni kama kumimina maji kwenye chekeche ukitarajia kuyanywa baadaye. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na samaki mwenye pembe. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ukutani. Kinyozi alikuwa na ukuta wake wa nje wenye picha za mitindo ya nywele, vichwa vimepangwa safu kwa safu, na katikati ya vichwa hivyo akamchora samaki mnene mwenye pembe nyekundu na tabasamu la meno meupe. Meno yale, alieleza, ni heshima kwa shemeji.

Makumbusho nao walifurahi, kwa namna yao ya kufurahi ambayo haina kelele. Binti wa stoo alisema atakuja mwenyewe na mkuu wake kuiona hiyo pembe. Na wakija watakuja na taya.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana bila taya hutaelewa moyo wa mzee huyu. Kule stoo lilikuwako taya la mamba wa kale, refu kama benchi, limefungwa ndani ya plasta nyeupe kama mguu uliovunjika. Halijafunguliwa na mtu. Kila alipokwenda kule Mzee Meno alilipapasa akipita. Fikiria mwenyewe: mtu aliyetengeneza meno umri wake wote, na mbele yake kuna taya zima, meno yote ndani, hayajaonwa na jicho lolote. Aliliomba mara nyingi hadi akaona haya kuliomba. Mkuu wa makumbusho alikuwa na swali moja tu, kama fundi wa nyumbani anaweza kukabidhiwa kitu kikubwa hivyo. Samaki ndiye angejibu.

Asubuhi ya ugeni, mke wake aliingia na chai, akakanyaga taulo kinyumenyume kwa mzaha, akaambiwa aketi aitazame pembe kabla wakubwa hawajafika. Alikuwa hajaitazama vizuri. Alishaisikia kiasi kwamba alihisi amekwisha kuiona. Akainamia lenzi. Alikawia hapo kiasi cha mumewe kujichekea, akidhani ni mshangao.

Kisha akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza kiganja juu kama unavyokagua mkono wa mtoto kabla ya kula, akakisogeza kidole gumba chini ya taa. Kwenye kidole hicho palikuwa na kovu la zamani, mstari uliokata mistari mingine kwa mshazari, ukumbusho wa siku keekee ilipoteleza. Yeye ndiye aliyekifunga kidole kile kitambaa na kukiosha mpaka kikapona. Alilijua kovu lile kama anavyoujua ufa wa sahani yake.

"Mzee," alisema taratibu, "huyu samaki wako ana kovu lako."

Mzee Meno akatazama. Pembe, kidole. Kidole, pembe. Honi ikamrudia sikioni, na ufa, na tone, na jinsi alivyovuta kidole kwa haraka gundi ikakifuata kama asali inavyomfuata mlaji, ikasimama, ikakaukia hewani. Ile mistari mizuri kuliko yote aliyowahi kuona ilikuwa yake mwenyewe.

Nikuambie alifanya nini? Alitafuta chupa ya asetoni. Asetoni huyeyusha gundi ile kama mvua inavyoyeyusha sukari, na wageni walikuwa bado. Aliazimia pembe iyeyuke, jiwe lipanguswe, na wakifika awaambie kwa huzuni kwamba imekatika, imesagika, bahati mbaya. Vitu vya kale huvunjika, nani asiyejua. Akainua makopo, akapekua brashi, akachungulia nyuma ya sabuni. Chupa haikuwepo. Akamuuliza mkewe, naye akajibu kwamba hakuolewa kuwa mlinzi wa chupa. Alikuwa ameketi ameweka mikono kwenye mfuko wa aproni yake, mtulivu mno.

"Utawaambia imevunjika," alisema. Hakuuliza.

"Kwani ni uongo mkubwa?"

"Si mkubwa. Lakini ninakujua. Wewe ukisema uongo, mimi ndiye ninayekosa usingizi. Utageuka huku, utageuka kule, mwishowe utaniamsha uniulize kama wamejua."

Hilo lilikwisha kutokea, tena kwa uongo mdogo zaidi ya huu. Na muda wa kubishana haukuwepo. Nje gari lilikuwa limesimama.

Wageni waliingia wakifuatwa na kinyozi, na kinyozi akifuatwa na wateja wake, mmoja wao akiwa na shuka la kunyolea shingoni na nywele upande mmoja tu wa kichwa, kwa vile hakutaka kupitwa. Wote wakakanyaga taulo kwa zamu. Binti wa stoo akampa mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. Mkuu wa makumbusho, mtu mrefu asiye na maneno mengi, akajikunja chini ya rafu ya sabuni. Kinyozi alikuwa ameshaanza kuwaeleza kazi ya pembe ile, kwamba samaki aliitumia kupigania majike.

Mzee Meno akamsogezea binti lenzi. Taya lilikuwa ndani ya lile gari. Alikuwa ameuona weupe wa plasta kupitia kioo cha nyuma.

"Mwanangu," alisema, "tazama pembe. Halafu tazama hiki." Akaweka kidole gumba chake kando ya samaki.

Binti akatazama pembe. Akatazama kidole. Akarudi kwenye pembe. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mkuu wake akainama kuona kuna nini. Hata yule mwenye kichwa nusu akaacha kujikuna. Binti alipopata sauti, aliuliza jambo moja, na lilikuwa swali la fundi kwa fundi: gundi gani? Mzee akamtajia. Ile inayoyeyuka, siyo ile ya milele. Binti akashusha pumzi.

"Na alama nyekundu?"

"Sikuweka. Gari lilikuwa linapiga honi."

Mkuu ndipo akafungua mdomo, akataka kujua kwa nini mzee hakuiondoa kabla wao hawajafika. Nani angejua? Ni hapo Mzee Meno angeweza kujipamba. Mlango wa sifa ulikuwa wazi kabisa, ni kuingia tu na kuketi. Lakini alimwona mke wake kwa pembe ya jicho, akakumbuka habari ya usingizi.

"Nilitaka," alisema. "Sikuiona chupa."

Mke wake akatoa mkono mfukoni, akaiweka chupa ya asetoni mezani, katikati ya samaki na kikombe cha chai. Binti wa stoo alicheka mpaka akashikilia mashine ya kufulia, na mkuu akageukia ukuta, mgongo wake ukimsaliti.

Kazi ikafanyika mbele ya wote. Mzee akachovya brashi, akagusa, akasubiri, akagusa tena. Pembe ikalegea, ikainama kama mtu anayeomba radhi, ikawa tope la kahawia, ikapanguswa kwa pamba. Chini yake hapakuwa na ajabu yoyote, ni kichwa laini cha samaki wa kawaida, na ule ufa, umeshikana barabara. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Ilipitiliza tu. Mzee akachukua kalamu nyekundu, akatia doa pembeni, akalizungushia duara kabisa.

Mkuu alitoka nje na binti, wakasimama karibu na gari wakisemezana. Mzee Meno hakutaka kuchungulia, kwa hiyo alichungulia mke wake, akawa anamsimulia: sasa anatikisa kichwa, sasa binti anaonyesha kidole gumba chake, sasa wanafungua mlango wa nyuma.

Taya liliingizwa na watu wanne, yule mwenye kichwa nusu akiwa mmoja wao, shuka likimpepea mgongoni. Halikutosha mezani. Likalazwa juu ya meza na mashine ya kufulia pamoja, na ndiyo sababu nguo za nyumba ile mpaka leo zinafuliwa uani kwa beseni, jambo ambalo mke analitaja kila wageni wanapokuja.

"Linabaki," binti alimwambia mzee. "Ila asetoni itakaa kwa mama. Ukiitaka, umwombe, na umweleze ya nini."

Mzee alikubali upesi kuliko alivyokubali ndoa. Alikuwa tayari ameweka kiganja juu ya plasta, akiuliza kama inauma.

Aliyebaki na huzuni ni kinyozi. Jioni dada yake alimpitia akamwambia aufute ule uzushi ukutani, pembe imekwisha kuyeyuka, aibu ya nini. Kinyozi alikuwa anamalizia nusu ya pili ya kichwa cha yule mteja. Akamtazama samaki wake, mnene, mwekundu wa pembe, akiwachekea wapita njia.

"Ya shemeji ilikuwa gundi," alisema. "Yangu ni rangi ya mafuta. Haitoki."