Kichwa cha Barua Hakifungwi

Shuleni tulifundishwa kwamba barua isiyo na YAH si barua. Unaandika YAH, kisha unaweka jambo lako lote kwa herufi kubwa. Kwa hiyo nilipojiunga na huduma moja ya barua pepe ya siri, nikamwandikia kaka yangu kwa anwani ya kazini kwake, kiwanda cha samaki Nyakato, niliandika nilivyofunzwa: YAH: MUME WANGU ANANIPIGA, NATAKA KUONDOKA.

Barua yenyewe ilifungwa kwa nenosiri alilolijua kaka peke yake. Kichwa hakikufungwa, na hakuna mshenzi aliyeniambia kwamba hakifungwi! Fundi wa kompyuta pale kiwandani alikiona kikipita, na fundi huyo hunywa pombe na mume wangu kule Kirumba.

Jioni ile, nyumbani kwetu Kiseke, mume wangu alinisomea kichwa changu neno kwa neno, kila neno na kofi lake. Alipomaliza akanibamiza ukutani, jino likang'oka.

"Ndani umeandika nini?"

Akavua mkanda, akanichapa, akauliza tena. Nikameza damu, sikumwambia.

Ndani nilikuwa nimeandika: "Shikamoo kaka. Njoo Ijumaa, uje na wenzako."

Ijumaa mlango ulivunjwa kwa mateke. Kaka alimkaba mume wangu shingo, akambana kwenye ukuta uleule.

"Ulitaka kujua ndani ya barua kuna nini?" akamwuliza. "Ni sisi."