Sahani ya Mama Niliyoichora kwa Utomvu

Rangi ya kucha ina harufu kali inayopanda puani na kukaa humo, na kwangu mimi ndiyo harufu ya msiba. Nilikuwa na miaka minane mama yangu alipofariki, nyumbani kwetu Kamuli. Majirani walileta vyombo vya kulishia waombolezaji, na shangazi yangu aliyeolewa Kibingo akaketi mkekani na kichupa cha rangi nyekundu, akitia alama chini ya kila sahani ili baadaye irudi kwa mwenyewe: huyu nukta moja, yule mbili, mwingine msalaba. Nilidhani anazipamba. Sikuelewa kwa nini tunapamba na mama amelala chumbani, hasemi.

"Na zetu, shangazi?"

"Zetu za nini? Isiyo na alama ndiyo ya nyumba hii. Kalete zote."

Zote, pamoja na ile ya mama. Ilikuwa ya kauri, nyeupe tupu, aliyoinunua sokoni Murongo pamoja na wanawake wenzake wa kikundi, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na za namna ile. Ya mama niliijua kwa sababu tu aliiweka peke yake juu ya kabati. Niliogopa kwamba ikishuka pale haitakuwa yake tena. Nikapita nayo nyuma ya jiko hadi shambani. Utomvu wa mgomba nilikuwa naujua: ulishaniharibia magauni mawili, na mama mwenyewe alisema hautoki mpaka nguo ichakae. Nikaukinga kwenye mgomba uliokatwa asubuhi hiyo, nikauchanganya na masizi ya sufuria, nikachora kwa kijiti. Nilizungusha mstari ukingoni, nikapanga pembetatu ndogondogo, na katikati nikachora kitu kilichopinda, chenye matawi. Sikukiiga popote, na hadi leo sijui kilikuwa nini. Nakumbuka nilifurahi kidogo, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Nikaipeleka pamoja na nyingine, kama nilivyoagizwa.

"Jamani, nani kachora nyoka kwenye sahani ya msiba?" aliuliza jirani mmoja wakati wa kupakua, akijizuia kucheka.

"Nyoka gani mwenye vidole, Mama Koku? Hilo ni tawi la kahawa," mwenzake alimjibu.

"Tawi au nyoka, mimi sili juu ya masizi. Leteni maji."

Mama Koku akaitumbukiza kwenye beseni na kuisugua kwa majivu. Utomvu ulioshinda sabuni kwenye magauni yangu ulitoka mara moja, kama vumbi. Kauri hainywi kitu, ila mimi hilo sikulijua. Kabla sijaifikia, sahani ilikwisha pangwa na nyingine na kupelekwa kwa watu.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini siku za msiba zilipokwisha, zenye alama zilirudi makwao, zikabaki nyeupe nane, nasi tulikuwa na sita. Rangi ilikuwa imeisha kabla majirani wote hawajafika na vyombo vyao. Nikazipanga sakafuni na kulia.

"Analilia sahani," shangazi alisema, "mama yake hajamlilia." Alisema kweli.

Baba, tuliyemwita Tata, alichuchumaa akazigeuza moja moja, polepole, akanipa mojawapo. "Ni hii," alisema. Nilimtazama usoni. Sikuweza kujua kama anajua.

Mwaka huu tumemzika Tata. Sahani zilikuja kwa gari la kukodi pamoja na maturubai na viti, zote za namna moja, zikaondoka jioni ileile. Hakuna aliyetia alama, hakuna aliyepotelewa na kitu. Ni rahisi zaidi, na bado sijui kama ni bora. Miaka yote ile nilikuwa na nafasi ya kumwuliza Tata kuhusu sahani ile, na kila nilipoenda kumsalimu nilisema shikamoo, nikakaa, nikaulizia hali ya shamba. Sasa sahani iko kwangu. Watoto wangu huuliza kama kweli bibi alikuwa akilia chakula humo. Nawajibu kwamba babu yao alisema ndiyo.