Shosho Alipokatazwa Kuniongelesha

Kuna redio za zamani ambazo ukizizima, kitufe kinalia tik. Nikiusikia mlio huo leo, mabega yangu yanashuka yenyewe, maana baada ya ile tik ndipo maneno ya watu yalipoanza kunifikia.

Nyumbani kwetu Makongeni, Thika, redio haikupumzika. Ya jirani nayo ilishindana na yetu, na nyuma ya ukuta fundi alichomelea mageti mchana kutwa. Mimi sikuwa kiziwi. Nesi mmoja alinipigia makofi kisogoni, nikageuka, akaturudisha nyumbani akisema masikio ni mazima. Shida yangu ilikuwa kwamba nilisikia kila kitu kwa pamoja. Maneno yalinijia kama githeri, mahindi na maharagwe chungu kimoja, nami nikabaki nachambua maharagwe moja moja huku msemaji ameshafika mbali. Nikiambiwa nilete kikombe, nifunge mlango na nimwite baba, nilisimama tu. Na nikijaribu kusema, yalitoka maneno mawili yaliyovunjika.

Waliniita zuzu. Waliniita jeuri. Kuna mama mmoja, mpangaji mwenzetu wa ploti yetu, aliyekuwa akiniiga mbele ya wanawe ili wacheke, na mpaka leo nikikutana naye sokoni napita kama sijamwona. Watu wananiambia nisamehe. Wao hawakuigwa.

Aliyenifikia alikuwa Shosho, mamake baba, ambaye mimi nimepewa jina lake, Nyokabi. Msidhani alikuwa na hekima fulani. Masikio yake tu yalikuwa yamechoka. Akitaka kuongea na mtu alizima redio kwanza, tik, akamshika kidevu, akamvuta usoni pake penye harufu ya ugoro, akasema jambo moja la Kikuyu na kungoja. Vidole vyake viliumiza. Hata kunigombeza alinigombeza hivyo hivyo. Lakini maneno yake yalifika mazima, na mimi nikamjibu.

Halafu mwalimu wangu wa nasari akamwita mama.

"Huyu mtoto mnamchanganya," alisema. "Kikuyu, Kiswahili, English, zote kwa hiyo kichwa ndogo. Kuanzia leo ni English only kwa nyumba. Ama hiyo class one asahau."

Mama aliogopa. Yeye mwenyewe alikuwa ameachia shule njiani, na neno la mwalimu kwake lilikuwa amri. Jioni hiyo alimweleza Shosho, mimi nikiwa nimesimama katikati yao, redio ikiimba na fundi akisaga chuma. Niliona midomo ikienda. Kisha Shosho akachukua kigoda chake akaenda kukaa nje.

Kesho yake nilimpelekea kidevu, akanisukuma kando. Nikampelekea tena, akageuka. Hapo nikaamua kwamba amenichukia, na mimi nikamchukia.

Nyumba ikawa vita. Shosho alijipikia kwa sufuria yake na kuisugua kwa nguvu ili mama asikie. Mama alipita akibamiza milango. Baba alijifanya ana kazi nyingi. Mimi niliongeleshwa Kiingereza cha mama, "eat fast fast, come here quick quick," kwa haraka na kwa hofu, redio ikiwa juu, nisiambulie hata kimoja. Nikaacha kusema kabisa. Nikaanza kuuma watoto wenzangu. Shosho naye akafunga virago akaenda Gatongora kwa mwanawe mwingine, bila kuniaga.

Mwishowe shangazi alitupeleka Ruiru kwa mtaalamu wa watoto wenye shida ya usemi. Chumba chake kilikuwa na mkeka na mapazia mazito, na kilikuwa kimya mno hata nikasikia mama akimeza mate.

"Nani huongea na yeye, akajibu?" aliuliza yule mtaalamu polepole.

"Hakuna," mama akasema.

"Hakuna hata mmoja?"

"Shosho," nikasema mimi.

Mama alilia kwa hasira. Mtaalamu alimwacha alie, kisha akamwambia lugha haikuwa na kosa. Shida ilikuwa kelele na haraka. Nitazamwe usoni, niambiwe jambo moja, ningojwe, na kwa lugha ambayo msemaji anaijua vizuri. "Na huyo shosho arudi," akamalizia.

Tulipomfuata huko Gatongora, mama hakupewa hata kiti. Alisimama na sukari na unga mkononi, kwa kuwa mkaza mwana haendi mikono mitupu. Shosho alipokea mfuko, akauweka ndani, akarudi.

"Mama Nyokabi, ulisema maneno yangu yanaharibu mtoto," alimwambia kwa kasi ya hasira, yakanipita. "Sasa yametengenezwa na nani?"

Shosho alinishika kidevu, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nina njaa.

Alirudi Makongeni, redio ikazimwa, na maneno yangu yakaanza kurefuka. Mama naye alijifunza kunyamazisha nyumba kabla ya kunisemesha. Lakini Shosho hakumsamehe. Kikuyu alikiweka chetu sisi wawili, na kwa mama akatumia kile Kiingereza kidogo alichokijua yeye. "Good morning, madam," kila asubuhi. "Thank you, madam," kila chai. Nilicheka sana, nikidhani ni mchezo.

Ni siku tulipomzika ndipo mama, akiosha vyombo vya wageni, alinieleza alichomwambia Shosho jioni ile: kwamba asiniongeleshe tena Kikuyu. Alishangaa kwamba sikujua. "Si ulikuwa umesimama hapo hapo?" alisema. Hakuna aliyewahi kunieleza, kwa sababu wote waliamini nilisikia. Shosho pia aliamini hivyo. Na mimi, miaka yote aliyonishika kidevu baada ya kurudi, nilikuwa nikingoja kwa hofu siku atakayoniachilia tena.