Macho Yaliyotunga Sindano

Khadidja, fundi wa nguo wa mtaa wa Mutakura, hakupenda hata kidogo kusikia kwamba macho yake yameanza kuchoka. Ukimwambia taa ni hafifu, atakubali. Ukimwambia uzi wa siku hizi umekuwa kama utando wa buibui, atakubali na kukuongezea lawama zake mwenyewe. Lakini macho, la. Mwanamke aliyezaliwa mtaa wa Buyenzi katika nyumba ya mafundi, aliyeshona kanzu za maharusi na magauni ya komunyo kwa zaidi ya miaka thelathini, angeanzaje kumwambia mteja kwamba tundu la sindano halioni tena? Nani angemwachia kitambaa chake?

Basi akaficha, na kificho chake kilikuwa Benite.

Benite alikuwa mtoto wa Spès, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akitembeza mboga za lengalenga kwa beseni kichwani tangu mumewe alipokwenda Tanzania kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi. Mtoto alipokuwa na miaka sita tu alizoea kupita barazani kwa Khadidja kila jioni. Angechukua sindano, aisogeze mpaka karibu iguse pua, na uzi ungepita mara moja, bila kulambwa, bila kurudiwa. Khadidja akapenda, akasifu. Alisifu mbele ya wateja, akasifu kisimani, akasifu mpaka mtaa mzima ukajua kwamba hakuna macho Mutakura yanayofikia macho ya binti wa muuza lengalenga.

Benite alipofika darasa la pili, mwalimu wake, Valéry, alimwita Spès. Akamweleza kwamba mtoto hanakili ya ubaoni. Ananakili ya mwenzake wa jirani, makosa na yote, na asipopata jirani anachora vitu visivyosomeka. Akauliza kwa upole kama mtoto anaona vizuri. Spès hakusoma, na wengi wetu tungefanya alivyofanya yeye: alikwenda kumuuliza mtu anayejua mambo ya macho ya mwanawe.

"Macho?" Khadidja alicheka, mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani. "Mama Benite, huyu mutoto ananitungia sindano ile ndogo kabisa, ata mi mwenyewe inanishinda. Macho yake iko sawa kabisa. Ni uvivu. Mumukaze kidogo."

Neno hilo Spès alilipeleka shuleni kama lilivyo, na mwalimu akaambiwa kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyethibitisha. Basi wakamkaza. Shuleni alipigishwa magoti mbele ya wenzake. Nyumbani mama yake alimchapa kwa fimbo nyembamba, naye alikuwa mwanamke asiyependa kuchapa, kwa hiyo alichapa na kulia. Mtoto akashindwa mwaka, akarudia, akashindwa tena. Septemba ilipofika Spès hakumnunulia daftari. Khadidja ndiye aliyetoa shauri kwamba akae barazani ajifunze kushona, maana si kila mtoto ameumbiwa masomo.

Tuseme ukweli: shauri hilo lilimfaa mtoa shauri. Sasa alikuwa na macho ya kukodi kutoka asubuhi mpaka jioni. Na Benite naye alifurahi, kwa sababu baraza ile ndiyo ilikuwa mahali pekee duniani alipoambiwa kwamba anaweza kitu.

Mambo yaligeuka ndani ya Ramadhani, wakati oda za Idi zimefika darini. Mchana mmoja Nafisa, mama yake Rayan, mke wa mwenye duka la vitambaa, alisimama ng'ambo ya barabara akapunga mkono, hataki kukanyaga tope.

"Benite, nenda uangalie Mama Rayan anataka nini," Khadidja alisema.

"Mama Rayan iko wapi, Bibi?"

"Si ule pale. Jana ulimupima kiuno, leo humujue?"

Mtoto alikaza macho, akakunja uso mpaka mashavu yakapanda. "Mi naona nguo ya njano tu," alisema. "Sijue kama ni mutu ao ni nguo wameanika."

Khadidja alidhani anatania, na ulimi wake ulikuwa tayari kumkaripia. Kisha akamwona mtoto jinsi alivyokuwa akiangalia, pembeni kidogo ya pale Nafisa alipokuwa. Alimwambia Nafisa kwa sauti asubiri. Akainuka, akanyoosha vidole vitatu.

"Ni ngapi?"

"Tatu."

Akarudi nyuma hatua mbili, akabadilisha vidole. Benite akasita, akasema vinne, na kweli vilikuwa vinne. Akarudi nyuma hatua mbili nyingine. Mtoto akakunja uso tena. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya anayeomba msamaha, "Mi naona mukono, Bibi. Vidole sivione."

Hatua nne. Ubao wa darasa uko mbali zaidi ya hatua nne.

Ningependa kusimulia kwamba Khadidja aliacha mkasi palepale akakimbilia kwa Spès. Hakufanya hivyo. Zilibaki siku kumi kufika Idi, magauni kumi na manane yalikuwa hayajaguswa, na bila mtoto yule hakuna sindano ingetungwa. Alikaa na siri yake siku tatu. Aliswali, akashona, akafungua saumu, na kila Benite aliposogeza sindano puani aligeuza uso. Siku ya nne hakuweza tena. Alimkuta Spès uani akiosha lengalenga, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani, akamweleza yote: vidole, hatua nne, siku tatu za kunyamaza.

Spès hakupaza sauti. Aliendelea kukung'uta maji kwenye fungu moja la mboga kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Nilimupiga juu ya neno lako," alisema mwishoni.

"Najua."

"Miaka mbili, Mama Khadidja. Alikuwa ananiambia haone, mi namuambia anaongopa, juu wewe ulisema."

Khadidja, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutafuta kisingizio. Alisema tu kwamba kesho yake atampeleka mtoto kwa daktari wa macho mjini, na gharama ni yake. Alikuwa na pea ya vitenge aliyojiwekea kwa Idi yake mwenyewe, na asubuhi ya safari, kabla hawajaondoka, Nafisa aliinunua bila kuuliza maswali.

Walikwenda mjini Rohero kwa miguu. Mafuta ya magari yalikuwa hayapo tena, foleni ya basi ilizunguka hadi nyuma ya maduka, na pikipiki haziruhusiwi kuingia katikati ya mji. Khadidja alikuwa amefunga, jua kali, koo limekauka, lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa mkono wa mtoto ndani ya mkono wake. Kila walipofika kwenye kivuko Benite aliinamisha kichwa, akasikiliza magari, kisha akavuka. Kumbe ndivyo alivyovuka barabara siku zote alipotumwa uzi na vifungo. Khadidja alikumbuka mara ngapi alimtuma, akaubana ule mkono mpaka mtoto akalalamika.

Aliyewapokea katika chumba cha kupimia alikuwa Annick, mwanamke kijana wa koti jeupe, mpole, mwenye haraka. Alimkalisha Benite, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, akimuuliza kipi kizuri zaidi. Alipomaliza alimgeukia Khadidja.

"Ni myope sana, mama. Vitu ya mbali haione kabisa. Lakini macho haina ugonjwa, lunettes, zile miwani, zitamusaidia muzuri."

"Lakini sindano anatunga," Khadidja alisema. Alijua jibu, ila alitaka lisemwe na mtu mwingine. "Anatunga kunishinda mi."

"Ndiyo," Annick alisema. "Karibu anaona kuliko mi na wewe. Wengi wako hivyo. Ile ya sindano haionyeshe kama mutoto anaona ubao."

Hakuna aliyemlaumu. Annick alikwisha kuita mgonjwa mwingine. Lakini Khadidja alitoka pale akiona aibu kiasi kwamba hakuweza kumtazama mtoto mpaka walipopita magofu ya soko kuu la mji, lililoungua miaka iliyopita.

Miwani ilikuwa tayari wiki moja baada ya Idi. Magauni sita hayakumalizika, na wenye magauni hayo walisema walivyosema. Khadidja alimvalisha Benite miwani barazani, Spès akiwa amesimama pembeni, beseni bado kichwani. Mtoto akaangalia barabara, akaangalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, akamwangalia mama yake muda mrefu pale aliposimama.

"Mama, umekonda," alisema.

Spès alitua beseni chini na kujifuta uso kwa ncha ya kitenge. Khadidja, kwa furaha yake, akafanya haraka tena, kama kawaida yake. "Sasa Jumatatu unarudi ku masomo," alisema. "Mkurugenzi wa shule amekubali."

Benite alivua miwani. Akaikunja vizuri, mkono mmoja juu ya mwingine kama alivyoonyeshwa, akamwekea Khadidja mapajani.

"Kama ni ya kunirudisha kule, siitake," alisema. "Kule mi ni mujinga. Hapa niko najua kazi. Bibi, nimekosa nini?"

Hapo ndipo Khadidja alipoelewa kwamba miwani ile haikuwa imemaliza kitu. Macho yalikuwa yamepata dawa, lakini lile neno lake, uvivu, lilikuwa bado limekaa ndani ya mtoto, na hakuna duka Rohero linalouza kioo cha neno. Aliyelitia ni yeye. Wa kulitoa pia ni yeye.

Jumatatu alivaa mtandio wake mzuri, akamshika Benite mkono, na Spès akafuata nyuma. Walipofika mlangoni mwa darasa watoto wote wakainuka kusalimia, zaidi ya sabini, na vumbi nalo likainuka. Benite alijificha nyuma ya kitenge cha Khadidja, akakikamata kwa ngumi mbili. Baadhi walimtambua, wakaanza kuchekacheka kwa kuona miwani.

"Mwalimu," Khadidja alisema, na sauti yake, iliyozoea kubishana na wauza vitambaa, ilitoka ndogo. "Nataka kusema mbele ya watoto. Uliuliza kama huyu anaona. Mi nilisema anaona. Nilisema ni muvivu. Sikupima, sikumuuliza mwenyewe, nilisema tu. Alikuwa haone ubao hata siku moja. Hakuwa mujinga, na hakuongopa. Mujinga alikuwa mi."

Watoto wakaacha kuchekacheka. Watu wazima hawasemi hivyo mbele ya watoto, na watoto walilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Valéry alitazama chaki mkononi mwake.

"Na mi niliamini upesi," alisema. Kisha akamwambia Benite, "Kaa mahali unataka wewe."

Waliokaa benchi la mbele kabisa walisogea, wakampa nafasi. Ngumi mbili zilibaki kwenye kitenge. Khadidja hakumsukuma. Alisimama tu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mteja yeyote, maana kama mtoto angegeuka kurudi nyumbani, yeye asingekuwa na neno jingine la kumwambia.

Kitenge kikalegea. Benite alipita benchi la mbele, akapita la pili na la tatu, akaenda mpaka nyuma kabisa ukutani, mbali na ubao kuliko wote, akaomba nafasi kati ya wasichana wawili warefu. Akatoa daftari jipya. Akainua kichwa, akaangalia ubao, akainama akaandika. Akainua tena, akainama. Hakumtazama jirani yake hata mara moja.

Spès, ambaye hakusoma, aliuliza kwa kunong'ona mtoto anafanya nini. Khadidja alitaka kumjibu, lakini alikuwa analia, pale mlangoni, mbele ya darasa zima.