Vinywa Nane kwa Pasi Moja

Asani, fundi wa nguo kutoka Fizi, anashona kwa cherehani ya miguu, kwa hiyo umeme haumhusu hadi mwisho wa kazi, anapotaka kupiga pasi. Hapo ndipo taabu yake ilipokuwa. Asani hana mke wala mtoto, na kwenye laini yetu ya nyumba, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mtu asiye na familia hapigi pasi.

Nieleze vizuri. Nyumba zetu zinatumia waya mmoja, na breka yake inakata umeme ukizidi ampea kumi. Zamani kila mtu alichomeka alichotaka, umeme ukakatika kutwa, majirani wakatukanana hata mbele ya wageni. Ndipo Mama Générose, mjane anayeongoza laini, akasema tugawane umeme kama tulivyozoea kugawana unga wa msaada: kwa vinywa. Tulikuwa vinywa ishirini. Kila kinywa kikapata nusu ampea, na kinywa kinahesabiwa pale kinapokula. Sote tulikubali. Asani naye alikubali. Nadhani siku ile alikuwa bado anawaza unga.

Sasa mama mmoja wa Area 47, kule Lilongwe, akamwagiza suti za wasimamizi wa harusi ya mwanawe. Kitambaa Asani alitoa mwenyewe. Yule mama alimwambia wazi: nikiona kunyanzi hata moja, utabaki nazo, mimi nitakwenda kwa mafundi wa Area 36. Na suti za rangi ya embe, nani angezivaa hapa kambini?

Asani akapanga kuzipiga pasi Jumamosi, akampelekea Mama Générose pasi yake. Mama Générose akaigeuza, akasoma maandishi ya chini. Volti mia mbili arobaini, wati elfu moja mia mbili.

"Gawa wati kwa volti," akasema. "Ampea tano. Vinywa kumi."

"Mama, mi niko kinywa kimoja tu."

"Oa."

"Nipate bibi na batoto nane mbele ya Jumamosi?"

"Basi alika bantu. Mutu akikula kwako, kinywa chake kiko kwako."

Jumamosi asubuhi Asani akabandika maharage, akasonga nsima, ugali wa huku, akapita mlango kwa mlango kuomba vinywa. Wengi walikataa, wana simu zao za kuchaji. Walikuja Dushimimana na mkewe Kamaliza na watoto wao wanne, pamoja na mimi, maana kwa kuwa sina kwangu nilihesabiwa kwao. Na Asani mwenyewe, wa nane. Tulipungua wawili.

Harufu ya maharage ikamleta Bienvenu, anayetengeneza mota kwenye ghala moja la Kanengo, huko Lilongwe. Asani akamvutia kiti haraka.

"Huyo haiko wa laini," akasema Mama Générose. "Kinywa cha Kanengo hakina ampea huku."

Bienvenu hakukasirika. Alitoa kipimo mfukoni, akachomeka pasi, akapima. Volti mia moja tisini na mbili.

"Mama, ile ya kwenye pasi ni ya kiwandani. Ya kwetu inafika imechoka. Kitu kisichobadilika ni omu. Mia mbili arobaini gawa kwa tano, arobaini na nane."

"Omu njo nini?" akauliza Dushimimana.

"Ni ubishi wa waya. Umeme unasukuma, waya unakataa, joto linatoka."

"Ah. Njo Kamaliza huyo."

"Na we njo umeme?" akasema Kamaliza. "Basi unakatikaka kila siku."

Bienvenu akaendelea. "Mia moja tisini na mbili gawa kwa arobaini na nane. Nne. Vinywa nane."

Asani akashika pasi. Bienvenu akamzuia. "Ngoja, kaka. Volti mara ampea: mia saba sitini na nane. Zile wati elfu moja mia mbili hauna tena. Pasi itapata moto polepole."

"Maana yake?"

"Maana yake bakule polepole."

Tukala. Mama Générose alisimama mlangoni akitazama taya zetu. Mimi, kwa meno machache niliyobaki nayo, nilisifiwa sana. Asani aliniita baba mara tatu. Watoto walimeza kama bata, ikabidi Kamaliza awamegee vitonge vya ukubwa wa harage. Koti likafuata koti. Ilibaki suruali moja, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshanyooka, Dushimimana aliposogeza beseni akanawa.

"Amenawa," akasema Mama Générose. "Vinywa saba. Chomoa."

"Kula kidogo tu, voisin," Asani akamsihi jirani yake.

"Tumbo nayo iko na breka yake, ndugu yangu."

Asani akachomoa. Alibaki ameinamia ule mguu wenye makunyanzi, pasi inapoa mkononi, na hakuna aliyetafuna. Nyumbani kwa Mama Générose redio ilikuwa inahubiri, mahubiri ambayo hajawahi kuyakosa hata akiwa na malaria. Aliitazama suruali. Akaenda kwake, sauti ya mhubiri ikakatika katikati ya kisa cha Yona, akarudi, akanawa, akaketi karibu na sufuria.

"Nimehamia hapa," akasema. "Chomeka. Na miye nipe nsima."

Jumatatu nilimsindikiza Asani hadi Area 47. Yule mama alizigeuza suti zote, akapitisha vidole kwenye mikunjo, hakupata kosa. Kisha akanusa koti moja.

"Zinanukia maharage."

Asani akamweleza, kwa Kichewa chake cha kuokoteza, kwamba pasi yetu inatumia maharage. Yule mama alidhani ni lugha tu imempiga chenga; akamwonea huruma, akampa maji ya baridi. Akachukua suti zote, na akamwomba ashone za kwaya nzima ya kanisa lake.

"Zikomo, mama," Asani akashukuru. Kisha akanigeukia, akapunguza sauti: "Muzee, unajua bantu bengine benye kukulaga polepole?"