Puli Yangu na Unga wa Mama Mkwe

Katika mtaa wetu wa Likasi hakuna mwanamke aliyetaka kuwa wa kwanza asubuhi kwenye mashine ya kusaga. Walifika mapema, mabeseni ya mahindi kichwani, lakini mlangoni adabu iliwazidi. "Pita, mama, weye njo ulifika mbele." "Hapana, mama, pita tu, minye niko nangojea mutoto wangu." Mgeni angedhani ameingia katika mji wa watakatifu. Ukweli ni kwamba mashine ilikula. Mahindi ya kwanza yalipopita, unga mwingi ulibaki ndani, kwenye kona za sanduku lenye nyundo za kusagia, kwenye bomba, kwenye pipa la bati lililokuwa juu. Wa kwanza aliijaza mashine tumbo, na waliomfuata nao walipoteza kidogo kidogo.

Unga huo uliobaki ulikuwa na mwenyewe. Mwenye mashine, mzee mmoja wa kanisa letu, hakumlipa mtu wa usafi. Alisema anayefagia achukue anachokikuta. Na aliyekuwa akifagia ni mama mkwe wangu.

Sikulipenda jambo hilo, lakini ningesema nini? Mimi nilikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana ya kampuni ya migodi. Miaka ile ya tisini tuliendelea kuvaa ovaroli kila asubuhi na kwenda kukaa kwenye benchi, kazi hakuna, mshahara hakuna. Hata mfuko wa unga ambao zamani tulipewa kila mwezi ulikoma. Wenzangu wengi walikwenda Kambove na Kakanda kuchimba kwa mikono. Mimi nilikataa. Nilisema mkono uliozoea kupima unene wa unywele hauwezi kushika sururu. Maneno makubwa hayo, na mke wangu ndiye aliyekuwa akizunguka kuuza mboga za lengalenga ili tule.

Kuhusu mama mkwe, lazima nieleze heshima ya ukwe kwetu. Mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali chakula mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ipo karamu ya kuufungua mlango huo, watu wakaanza kusalimiana, lakini yetu iliahirishwa mwaka hadi mwaka kwa ukata. Kwa hiyo tangu nioe sikuwa nimebadilishana naye neno moja. Aliishi peke yake barabara ya pili, mjane, na kila tulichotaka kuambiana kilipita kwa mke wangu. Nilipokwenda kwenye mashine, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma na kitambaa kichwani, akangoja hadi niondoke.

Nilikwenda mara nyingi kwa sababu mashine ile iliniudhi. Mimi chuma kinachofanya kazi vibaya kinaniuma kama jino. Mwenye mashine alikuwa ameweka puli ndogo, gurudumu linalovuta mkanda, kwenye mota kwa kuuogopa umeme. Umeme wetu ulikuwa ukipanda na kushuka kutwa nzima, na mota ikibebeshwa mzigo mkubwa wakati umeme umeshuka, inanguruma, inapata moto, mwisho inaungua. Kwa puli ndogo mashine ilizunguka polepole na mota ikapona. Lakini mashine ikizunguka polepole, feni yake inakosa pumzi ya kuupandisha unga kwenye bomba. Ndiyo sababu ilikula.

Nikajiuliza kwa nini puli ibaki na ukubwa uleule kutwa nzima, wakati umeme wenyewe haubaki vilevile. Nikachora puli ya sahani mbili za chuma zinazotazamana kwenye mhimili wa mota, zimekatwa mshazari kwa ndani. Moja imefungwa, ya pili inateleza. Ukizisogeza zikaribiane, mkanda unabanwa na kupanda hadi ukingoni, na puli inakuwa kubwa. Ukiziachanisha, mkanda unazama, na puli inakuwa ndogo. Umeme ukiwa na nguvu, unabana na mashine inakimbia. Ukishuka, unaachia.

Kuichora ilikuwa rahisi. Kilichonitesa ni namna ya kuisukuma sahani inayozunguka bila kuzima mota. Siku zile nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu akajibiwa vizuri. Jibu nililipata kwenye lori bovu nyuma ya karakana: beringi ya klachi, ambayo kazi yake ni hiyohiyo, kukisukuma kitu kinachozunguka huku yenyewe imetulia. Nikaiweka nyuma ya sahani, nikatia bolti ndefu yenye gurudumu dogo la kuzungusha kwa mkono. Mota nikaiweka juu ya ubao wenye bawaba, ili uzito wake uvute mkanda usilegee.

Tulipoijaribu mara ya kwanza, mshazari nilikuwa nimeukosea. Mkanda uligusa sahani kwa mabega tu, ukapiga kelele na kutoa moshi, na wanawake wote wakakimbilia nje na mabeseni yao. Nilitukana kwa Kifaransa, lugha tuliyoitumia karakana kutukania vyuma, nikarudi kukereza upya. Mara ya pili mkanda ulipanda bila kelele. Nilizungusha gurudumu taratibu, mashine ikabadili sauti, ikavuma, na unga ukaanza kumwagika mfukoni kwa kasi ambayo mtaa ule haukuwa umeiona. Kila beseni lilipomalizika niliibana puli hadi mwisho na kuiacha mashine ikimbie tupu, na unga uliojificha ndani ukaruka wote nje. Walipiga vigelegele. Mama mmoja alipiga magoti kuangalia ndani ya bomba, akakuta chuma kitupu.

Jumapili yake mtu alisimama kanisani kutoa ushuhuda juu ya mashine iliyoacha kula unga wa maskini. Nilikaa kwenye benchi langu, macho chini, nimevimba kwa raha. Mwenye mashine aliniomba niiendeshe mwenyewe kila siku, na malipo yangu yakawa kusagiwa bure, zawadi nzuri sana kwa mtu mwenye mahindi. Mimi mahindi sikuwa nayo, lakini sifa nilikuwa nazo, na kwa muda nilidhani zinashibisha.

Kisha bukari, ugali wetu, ikaanza kupungua nyumbani. Mlima mweupe uliokuwa ukija mezani ukawa kichuguu, halafu ukawa kitu cha watoto tu, na sisi wakubwa tukala lengalenga bila kitu. Nikakasirika. Mimi hasira zangu huwa karibu na zinatafuta mlango ulio wazi, na mlango wenyewe ulikuwa mke wangu.

"Mu mutaa muzima bantu banashiba," nikamwambia. "Mu nyumba yangu tu njo bunga inapunguka?"

Alikuwa anaosha sahani. Hakunyanyua kichwa.

"Na weye, ile bunga yenye ulikuwa unakulaka, ilikuwa inatoka wapi? Uliulizaka hata siku moja?"

Sikuwa nimeuliza. Niliukuta mezani nikala, na siku nyingine nikalalamika kwamba una mchanga.

"Mama njo alikuwa anatuletea," alisema. "Kila mangaribi. Ile yenye alikuwa anafagia mu mashini."

Nilikaa chini. Mjane asiyeweza hata kuniona nikila ndiye aliyekuwa akinilisha, mimi na wanangu, na mimi kwa mikono yangu, kwa akili yangu niliyojivunia kanisani, nilikuwa nimemziba bomba. Niliuliza yeye sasa anakula nini. Mke wangu alisema hajui, mama yake hasemi. Nilijisikia vibaya hivi kwamba nilitoka nje kabla watoto hawajaniona.

Asubuhi nilimwendea mwenye mashine. Nilimwambia mama anayefagia apewe chochote, hata kopo moja la unga kwa siku. Akanishangaa.

"Fundi, afagie nini? Hakuna kintu ya kufagia. Weye mwenyewe njo ulimaliza kazi yake."

Alisema bila ubaya, hata akanipiga bega. Nilirudi kwenye gurudumu langu. Mama mkwe alikuwa nyuma kama kawaida, nikasikia ufagio wake ukipita juu ya saruji, ukikwangua vumbi. Aliendelea kuja kufagia hata pasipo cha kufagia. Ningeweza kuvuka ukuta ule nimwambie pole. Mila inakataza, nilijiambia, na moyoni nilifurahi kwamba inakataza, kwa sababu nisingejua pa kuanzia.

Basi nikafanya nililolifanya. Beseni lilipokaribia kwisha, niliachia puli kidogo. Mkanda ukazama, feni ikapungukiwa pumzi, na unga ukabaki kwenye bomba. Kidogo tu kwa kila mtu. Aliyeuliza nilimjibu kwamba umeme umeshuka. Jioni nilipoondoka mama mkwe aliufagia, na bukari ikarudi mezani. Nilikula nikijua kila tonge limetoka kwa nani, na nikajitetea kwamba si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mama wa watu, ni kwa ajili ya watoto. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa.

Foleni ina macho. Wanawake walianza tena kusukumana kwa heshima mlangoni. Siku moja akaja mama kijana, mtoto mgongoni, na kibeseni kidogo cha mahindi aliyoyaokota shambani kwa watu baada ya mavuno. Nilimwona vizuri jinsi kilivyo kidogo. Nilisema moyoni nitamruka huyu. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea, ukazungusha.

Alichungulia mfukoni, akachungulia tena.

"Papa fundi, bunga yangu yote njo hii?"

"Courant iko kidogo leo, mama," nikasingizia umeme.

Nyuma yake mwanamke mmoja akanyoosha kidole juu. "Kidogo? Angalia taa, papa."

Wote waliangalia. Juu ya kichwa changu taa ilikuwa inawaka nyeupe pe, haitetemeki hata kidogo.

Hapo mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama mkwe wangu aliingia, mimi nikiwa nimesimama palepale. Alikuwa amefunika kichwa na uso kwa kitenge, na alitembea kwa kunipa mgongo, akipapasa ukuta. Wanawake walimpisha, maana wote walijua mimi ni nani kwake. Nami nikazima mota, nikageuka nikatazama ukuta. Nikasikia akigonga bomba kwa mpini wa ufagio, akifungua sanduku, akifagia hadi kwenye kona na kuukusanya unga kwenye ungo. Kisha nikasikia unga ukimiminwa. Nilitupa jicho la wizi. Alikuwa anaumwaga wote kwenye kibeseni cha yule mama kijana, hadi vumbi la mwisho la ungo. Akauegemeza ufagio mlangoni na kutoka. Sikuwahi kumwona tena pale.

Niliibana puli hadi mwisho na kuwasagia waliobaki. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe. Aliutoa akiwa amesimama, kama anavyofanya mtu aliyetumwa.

"Mama anasema: bunga yenye mashini ilikuwa inabakisha yenyewe, ile ilikuwa yake. Yenye weye unabakisha, iko ya banamama." Kisha akaongeza, "Anasema tena mashini yako iko muzuri."

Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilimwomba mke wangu ampelekee pole yangu. Aliipeleka. Hakukuja na jibu.

Kabla mvua hazijaanza, mama mkwe alihamia upande wa Mulungwishi, kwa ndugu zake, kulima. Mwanamke wa umri ule, na magoti mabovu aliyokuwa nayo, kwenda kuvunja ardhi kwa jembe kwa sababu mkwe wake ni fundi hodari. Siku ya kuondoka mke wangu alimsindikiza na watoto. Mimi nilibaki ndani na mlango nimeufunga, kama mila inavyotaka.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipotoka, mtu alitushushia gunia la mahindi mlangoni. Alisema bibi ameagiza asage mkwewe. Nililibeba hadi kwenye mashine, nikaliweka kwenye foleni kama mahindi ya wengine, na zamu yangu ilipofika nikayasaga yote mwenyewe. Mke wangu alisonga bukari kubwa kama za zamani, akaiweka mezani na mboga. Nilitaka kusema sina njaa. Lakini kwetu baba ndiye anayemega kwanza, na watoto walikuwa wameshanawa, mikono yao inachuruzika maji, wananiangalia. Nikamega.